Kubakiza Hatari Moja

Mtu anayetaka kujua jinsi binadamu anavyopima hatari na faida anaweza kuketi kando ya barabara iteremkayo kutoka Bugarama kuingia Bujumbura, akawatazama waendesha baiskeli. Wanashuka na mikungu ya ndizi au magunia ya makaa yaliyofungwa nyuma, mzigo ukimzidi mwenyewe kimo. Kurudi juu wanadandia malori, mkono mmoja umeshika chuma cha lori na mwingine usukani. Bugarama iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 na ushei, na mteremko huo wote unamalizwa katika safari isiyofika kilomita 40. Kona ni nyingi, na malori hayamsubiri mtu.

Mtazamaji mwenye haraka atasema vijana hawa wanapenda hatari. Amejuaje? Huenda mmoja ana deni linalomngoja sokoni. Mwingine hana kazi nyingine yoyote. Wa tatu anaijua kila kona tangu utotoni, na kinachomtisha mtazamaji yeye hakimgusi. Wa nne anaamini siku yake ikifika imefika, hata akiwa kitandani. Wa tano hajui kwamba breki zake zimekwisha. Wote watano wanashuka kwa kasi ileile, na kasi hiyo haituambii lolote kuhusu moyo wa yeyote kati yao. Ndani yake mmechanganyika umaskini, ujuzi, imani, kutojua na tamaa, na jicho peke yake haliwezi kuvitenganisha.

Wapo mafundi ambao kazi yao ni kuvitenganisha. Ni wanasaikolojia na wanauchumi wanaofanya majaribio ya maamuzi, na ufundi wao waweza kusemwa kwa maneno machache: ondoa kila hatari ila moja, kisha mwache mtu achague. Kulisema hilo ni rahisi. Kulitenda juu ya vilima vya Burundi, miaka michache baada ya vita, ni kazi ya subira ambayo msomaji wa matokeo haioni, na haioni kwa sababu imefanywa vizuri.

Mwaka 2009, mwaka uleule ambao kundi la waasi la FNL liliweka silaha chini, timu ya watafiti sita ilifanya majaribio ya namna hiyo na watu wapatao 300 katika jamii 35 za vijijini Burundi. Majina yao ni Maarten Voors, Eleonora Nillesen, Philip Verwimp, Erwin Bulte, Robert Lensink na Daan van Soest. Walitaka kujua vita vilivyoanza mwaka 1993, baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye, viliacha nini katika maamuzi ya mtu wa kawaida: anavyojaribu bahati, anavyosubiri, anavyomgawia jirani. Makala yao yalitoka mwaka 2012 katika jarida la American Economic Review, na tangu hapo yamekuwa yakitajwa kila wanapozungumza watu wa fani hiyo. Matokeo nitayafikia. Kwanza nataka tuitazame kazi yenyewe ya mikono, maana ndiyo inayoyabeba.

Chukua mfuko wa kitambaa na gololi kumi, nyingine nyeupe, nyingine nyeusi. Mwambie mtu achague kati ya pande mbili. Upande wa hakika unampa faranga 1,000 bila maswali. Upande wa bahati unamtaka aingize mkono mfukoni: akitoa nyeupe anapata 2,500, akitoa nyeusi hapati kitu. Tarakimu hizi nimezipanga mimi kwa ajili ya mfano, lakini umbo ndilo lenyewe. Mara ya kwanza mfukoni mna gololi nyeupe moja tu, na karibu kila mtu atachukua hakika yake. Mara ya pili nyeupe ni mbili, kisha tatu, na kuendelea hadi kumi. Mahali fulani katika safari hiyo mtu anahama kutoka upande wa hakika kwenda upande wa bahati. Nyeupe zikiwa nne, pande mbili zinalingana kwa wastani, kwa kuwa bahati nne kati ya kumi za kupata 2,500 zina thamani ya 1,000. Anayehamia hapo anahesabu wastani tu. Anayengoja nyeupe sita au saba anailipia hakika. Aliyehama zikiwa mbili anailipia bahati. Hakuna aliyeulizwa kama ni mwoga au jasiri, swali ambalo kila mtu angelijibu kwa namna ya kujipendezesha. Aliulizwa lini atahama, na akahama.

Orodha ya aina hii ilipata umaarufu kupitia Charles Holt na Susan Laury, waliochapisha jaribio lao huko Marekani mwaka 2002, likiwa na mistari kumi ya kuchagua. Njia ya kijijini ilikuwa imefunguliwa zamani zaidi na Hans Binswanger, aliyewachezesha wakulima wa India katika miaka ya 1970 kwa sarafu ya kurusha. Mkulima alichagua mapema mchezo autakao: upande mmoja wa orodha rupia 50 sarafu iangukie popote, upande wa pili rupia 200 au patupu, na kati yake hatua kadhaa. Binswanger alianza na senti, akapanda taratibu wiki hadi wiki, mpaka dau likafikia kiasi kilichozidi kipato cha mwezi cha kibarua. Aliwapa pia siku za kufikiri kabla ya kuchagua, na hilo ndilo ninaloliheshimu zaidi kwake. Matokeo yake, aliyoyachapisha mwaka 1980, yalionyesha kwamba dau linapokuwa kubwa wengi hukusanyika katika tahadhari ya kadiri, na kwamba ukubwa wa mali ya mtu haukuleta tofauti kubwa. Mpaka leo, anayeharakisha wachezaji wake ili amalize kabla ya mvua anapaswa kumkumbuka Binswanger.

Sasa tuzifuate hatari zinazotakiwa kutolewa, moja baada ya nyingine, kama anayepembua mchele.

Ya kwanza ni ya kutoelewa. Mtu akichagua upande wa bahati kwa sababu hakuelewa kwamba gololi nyeusi haina kitu, tumepima maelezo yetu, hatukumpima yeye. Mwaka 2009 Sarah Jacobson na Ragan Petrie walichapisha utafiti uliofanywa na watu wazima wa Rwanda, jirani wa mlango wa pili, na zaidi ya nusu ya washiriki walifanya angalau uchaguzi mmoja uliopingana na mwingine. Mtafiti mvivu angewatupa watu hao nje ya hesabu akabaki na waliobaki wasafi. Jacobson na Petrie waliyachukua makosa yenyewe kuwa habari, wakayaweka kando ya maisha ya watu hao. Kwa waliochagua bila kujipinga, wenye tahadhari zaidi walikuwa ndani ya vikundi vya kuweka akiba na walikopa mitaani kwa nadra. Kwa waliojipinga mambo yaligeuka: kadiri tahadhari yao ilivyozidi ndivyo walivyokuwa mbali na vikundi na karibu na mikopo ya mitaani. Fundi mzuri hatupi vumbi la randa kabla ya kulitazama.

Ndiyo maana siku ya jaribio huanza na mazoezi yasiyo na pesa. Maelezo yameandikwa, yametafsiriwa kwa Kirundi, na mtu mwingine ameyarudisha katika lugha ya mwanzo ili ionekane yalipopindika. Mhojaji anayasoma yaleyale kwa kila mtu na kwa sauti ileile. Anageuza mfuko nje ndani kuonyesha ni mtupu, anahesabu gololi kwa sauti, anamwomba mshiriki azihesabu tena. Kisha anamuuliza: ukitoa nyeusi utapata nini? Asipojibu sawasawa, wanarudi mwanzo. Mshiriki anaweza kumgeuzia swali, kwa adabu ya kilimani: wewe mwalimu, ungekuwa mimi ungechukua upi? Jibu ni moja, hakuna lililo sahihi, pesa ni zako. Mhojaji akitabasamu wakati huo, ameshaongeza gololi ambayo hakuna aliyeihesabu.

Ya pili ni hatari ya kudanganywa, na katika nchi iliyotoka vitani hii ndiyo kubwa kuliko zote. Mtu aliyezoea ahadi zisizotimizwa atachukua hakika yake iliyo mkononi, na kitabu cha mtafiti kitaandika kwamba anaogopa hatari, wakati alichokiogopa ni mtafiti. Dawa yake ni malipo ya kweli, siku hiyohiyo, na mkono wa mshiriki mwenyewe ndio uingie mfukoni. Mwisho, baada ya mtu kuchagua mistari yote kumi, anachomoa kadi yenye namba, na mstari huo mmoja pekee ndio unaochezwa na kulipwa. Hila hii ndogo ina akili nyingi. Kwa kuwa mstari wowote unaweza kuitwa, kila mmoja unapaswa kuchaguliwa kana kwamba ndio wa pekee, na mtu hapati faida yoyote kwa kusema asichokimaanisha. Mtafiti naye hafilisiki kwa kulipa mistari kumi kwa kila mtu.

Ugumu unaongezeka pale kinachopimwa ni subira. Umpe mtu achague kati ya kiasi kidogo leo na kikubwa zaidi baada ya mwezi, na tayari umechanganya mambo mawili: uvumilivu wake, na imani yake kwamba mwezi ujao utarudi. Leo uko mbele yake, mwezi ujao hajui utakuwa wapi. Mafundi walivumbua njia ya kusogeza pande zote mbili mbele. Mtu achague kati ya malipo ya kesho na malipo ya baada ya mwezi na siku moja. Sasa mtafiti anatakiwa aaminiwe kwa pande zote mbili, na shaka inayobaki juu ya kurudi kwake imepungua uzito wake wa kupindisha mizani. Inabaki kumpata mtu wa hapohapo kilimani, anayeheshimika, atakayetunza bahasha na kuzigawa kwa tarehe.

Ya tatu ni hatari ya kuonekana. Katika vijiji vya magharibi ya Kenya, Pamela Jakiela na Owen Ozier waliwapa watu mtaji mdogo wa kuwekeza katika mchezo wenye bahati, wengine kwa siri na wengine ikijulikana mbele ya watu walichopata. Wanawake walikubali kupunguza kipato chao cha wastani ili tu faida isionekane, na walitenda kana kwamba wanatarajia kugawa asilimia 4 ya kipato kinachoonekana, na zaidi ya hapo pale ndugu walipokuwepo wakitazama. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2016. Mtu wa Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa, anazijua simu zinazoanza kuita mshahara ukiingia. Kwa mtafiti maana yake ni kwamba meza ziwekwe mbali mbali, bahasha zifungwe, na anayetoka asitangaze. Vinginevyo utaandika kwamba wanawake wa kilima hiki wanaogopa hatari, kumbe wanaogopa shemeji.

Ya nne ni dhambi. Mfuko, bahati na pesa vikikaa meza moja vinafanana na kamari. Mwislamu wa mtaa wa Buyenzi na Mlokole wa mtaa wa Kamenge, mjini Bujumbura, wote wanaweza kuchukua upande wa hakika kwa sababu ambayo haina uhusiano wowote na hesabu za bahati. Jaribu kulipamba jaribio kwa mazao, sema gololi nyeupe ni mvua njema na nyeusi ni ukame, na umeingiza tatizo jingine: sasa mkulima anatumia kumbukumbu za mvua zake, hahesabu tena gololi kumi. Hapa hakuna jawabu safi. Kilichobaki kwa fundi ni kusema wazi kwamba hakuna anayelipa kuingia, na kumruhusu asiyetaka aondoke na posho yake bila kuulizwa sababu.

Ya tano inahusu kupoteza. Daniel Kahneman na Amos Tversky walionyesha mwaka 1979 kwamba binadamu huumizwa na hasara kuliko anavyofurahishwa na faida ya kiasi hichohicho. Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Tversky alikuwa amefariki mwaka 1996. Kupima jambo hilo kijijini kunahitaji watu wapoteze kitu, na mtafiti mwenye heshima hawezi kumwacha mkulima maskini kuliko alivyomkuta. Kwa hiyo anampa kiasi kwanza, kisha anamwomba akihatarishe. Mshono unaonekana hapo, maana pesa ya kupewa asubuhi haiumi kama ya jasho. Wapo wanaoitoa siku kadhaa kabla, ili ikae mfukoni ipate joto la mwenyewe.

Zikishaondolewa hatari zote hizo, au kupunguzwa kadiri inavyowezekana, kazi ifanyike kwa siku moja katika kila kilima, maana habari za watu wanaogawa faranga hufika kilima cha pili kabla ya gari la watafiti. Burundi vijijini watu hawajabanana sehemu moja. Makazi yametawanyika juu ya miteremko, kilima ndicho kitengo cha utawala, na watu wa kilima kimoja wanajuana kwa majina na kwa yaliyopita. Katika mchezo wa kugawana wa timu ya Voors, kila mtu aligawa pesa kati yake na mwenzake wa jamii hiyohiyo asiyemjua ni nani hasa. Hebu fikiria uzito wa jambo hilo mahali ambapo jirani asiyetajwa jina angeweza kuwa aliyekuficha, au aliyekuonyesha kwa kidole.

Vita hivyo viliua watu wapatao 300,000. Mkataba wa amani wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, kazi aliyoianza Mwalimu Nyerere na kuimaliza Nelson Mandela, na mwaka 2003 kundi la waasi la CNDD-FDD lilisimamisha mapigano. Timu ilikuwa na rekodi za mashambulizi katika kila jamii, ikazipanga jamii kwa kadiri zilivyoumizwa, kisha ikaziweka kando ya chaguo za mezani. Mambo matatu yakajitokeza. Waliokumbwa zaidi na ukatili waliwagawia majirani zao zaidi. Walijaribu bahati zaidi. Na walikuwa na haraka zaidi, wakipendelea kidogo cha sasa kuliko kingi cha baadaye.

La kwanza liliwashangaza wengi, kwa kuwa mazoea ya ofisini ni kudhani kwamba vita huvunja udugu. La pili na la tatu yanakaa pamoja vizuri ukiyatafakari. Aliyeona mavuno, ng'ombe na ndugu vikiondoka asubuhi moja anaweza kuwa ameona pia kwamba tahadhari haikumwokoa aliyekuwa nayo. Hiyo ni tafsiri yangu, namba zenyewe hazisemi kwa nini. Lakini zinasema kitu chenye matokeo shambani. Mkahawa huchukua miaka mitatu au minne kabla ya kuzaa vya kutosha. Mtu ambaye kipimo chake cha muda kimefupishwa na vita atapanda maharage, na atakuwa na sababu, na nchi itakosa kahawa bila kujua ilipotelea wapi.

Lakini je, tunajuaje kwamba vita ndivyo vilivyowabadilisha? Huenda vilima vilivyoshambuliwa vilikuwa na watu wa namna hiyo tangu mwanzo. Huenda wenye tahadhari walikimbilia Tanzania na waliobaki ndio hao wapenda bahati. Hapa ufundi unatoka mezani na kuingia kwenye ramani, na Bujumbura yenyewe inaingia kazini. Watafiti walitafuta jambo lililoamua ni wapi vita vipige bila kujali tabia za wakazi, wakatumia mawili: umbali wa jamii kutoka Bujumbura na mwinuko wa ardhi yake. Mapigano yalizunguka mji mkuu wa wakati huo, ambao kila upande uliutaka, na milima ikawaficha wapiganaji. Mtu hakuchagua kuzaliwa kilomita ngapi kutoka mjini. Kama tofauti za mezani zinaifuata ramani hiyo, ni vigumu zaidi kusema zilikuwepo kabla.

Navutiwa na hesabu hiyo, na bado nina shaka nayo. Umbali kutoka Bujumbura ni umbali kutoka soko, hospitali, gari na benki, na vyote hivyo vinaweza kumfundisha mtu hatari kwa njia nyingine. Watafiti waliipima kazi yao kwa njia zaidi ya moja, na picha ikabaki ileile. Heshima yangu kwao inatokana na kwamba walipanga hoja yao hadharani kiasi cha kunipa pa kushika ninapotaka kuipinga.

Na upinzani upo. Jakiela na Ozier walikuwa na bahati ya kiutafiti iliyotokana na balaa: watu wa magharibi ya Kenya walikuwa wamepangiwa kwa kura ni lini wahojiwe, na uchaguzi wa Desemba 2007 ukaangukia katikati ya ratiba. Machafuko yakaua zaidi ya watu 1,000. Walipolinganisha waliohojiwa kabla na waliohojiwa baada, vijana wa kundi la pili walionekana kuiogopa hatari zaidi, kinyume na Burundi. Hayo yalichapishwa mwaka 2019. Burundi ilipimwa miaka kadhaa baada ya risasi kunyamaza katika sehemu nyingi, baada ya muongo wa vita, na Kenya ilipimwa jeraha likiwa bichi. Pengine hofu ya mwanzo na ukaidi wa baadaye ni hatua mbili za njia moja. Pengine ni watu wawili tofauti. Fani changa inayokubali kubeba majibu mawili bila kulificha moja ni fani ya kuaminiwa.

Liko jaribio jingine la karibu yetu ambalo, kwangu, linaeleza faida kubwa ya ufundi huu. Mwaka 2002 Joseph Henrich na Richard McElreath walichapisha utafiti kuhusu wakulima wa Kimapuche wa Chile na Wasangu wa Tanzania, wakiuliza swali ambalo wataalamu wengi wa maendeleo walidhani limeshajibiwa: je, mkulima mdogo anaogopa hatari? Walipowapa pesa za kweli kuchagua kati ya hakika na bahati, Wamapuche na Wasangu waliipendelea bahati. Utajiri na umaskini wa mtu haukueleza tofauti hizo kama ilivyotarajiwa.

Tafakari maana yake kwa ofisi zote, za Gitega, Dodoma au Nairobi, zilizojaa ripoti zinazosema mkulima hataki kubadilika. Mezani hataki nini? Mezani anajaribu. Basi akirudi nyumbani akaikataa mbegu mpya, sababu haiko moyoni mwake. Iko katika zile hatari ambazo mtafiti alihangaika kuziondoa kabla ya kumkaribisha: maelezo aliyopewa juujuu kwa lugha ya ofisini, muuzaji ambaye huenda kapaka rangi nafaka za kawaida, ahadi ya kununua mazao ambayo mwaka juzi haikutimizwa, ndugu watakaofika siku ya malipo, na hasara itakayokula akiba ambayo hakupewa na mtu.

Hatari hizo tano, zinazoshughulikiwa kwa mfuko wa kitambaa, bahasha zilizofungwa na mhojaji asiyetabasamu, zinaweza pia kushughulikiwa na serikali, benki na vyama vya ushirika. Mbegu zikaguliwe kama gololi zinavyohesabiwa mbele ya mchezaji, na anayeahidi kununua kahawa alipe kwa tarehe aliyotaja. Majaribio haya yametupatia orodha ya kazi, iliyopangwa kwa mpangilio na kujaribiwa kilima hadi kilima. Atakayeikamilisha ndipo atakuwa na haki ya kusema lolote kuhusu woga wa mkulima.